Somo Limo Darasani, Somo Hayuko Nyumbani

Nilipokuwa mtoto wa chuoni hapa Mombasa, katika miaka ya 1960, tulihifadhi Safinatun Najaa kabla hatujajua hata kujifunga kikoi kikashika. Kitabu hicho kidogo cha fiqhi ya Imamu Shafii, alichokiandika Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, ni wachache katika pwani yetu waliopita chuoni bila ya kukisikia. Katika kurasa zake za mwanzo zimetajwa alama tatu za kubaleghe: kutimiza miaka 15 kwa mvulana na msichana, kuota kwa wote wawili kuanzia miaka 9, na hedhi kwa msichana kuanzia miaka 9. Tulizisoma kwa sauti kubwa, tukiyumba juu ya mkeka, wavulana upande huu na wasichana upande ule, na mwalimu akitusikiliza huku bakora i mkononi. Aliyekosea irabu aliijua bakora ile. Wa kuuliza maana hakutokea.

Miaka michache baadaye alama mojawapo ikanifika mimi mwenyewe usiku. Nilidhani nimeshikwa na maradhi. Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikaifua shuka gizani, nikaianika juu darini, na siku nzima nikawa na hofu moyoni. Alama ile nilikuwa nimeihifadhi kwa Kiarabu tangu nina miaka minane, na ilipokuja sikuitambua! Aliyenifunulia ni kijana mmoja mkubwa tuliyekuwa tukienda naye kuogelea, naye alichanganya kweli moja na uwongo mia. Na kabla ya hapo nilikwisha kusali siku kadha wa kadha pasi na kuoga janaba. Ni sala ngapi zilizopita hivyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Nimeyatanguliza haya, ndugu wasomaji, kwa sababu kila yanapozuka mazungumzo ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari mambo ya mwili wao, tabia zao na afya zao, husikika sauti barazani, na hata misikitini, zikisema kwamba jambo hili ni la kigeni, halimo katika mila zetu wala katika dini yetu. Naomba niwapinge ndugu zangu hao kwa heshima. Elimu hii tulikuwa nayo. Tuliowapoteza ni watu wa kuifundisha.

SOMO WA ZAMANI

Lugha yetu yenyewe yashuhudia. Somo ni funzo la darasani, na somo ni yule mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa msichana alipovunja ungo, ili amfunze. Kwengine huitwa kungwi. Siku ile msichana hakuachwa peke yake. Somo alipelekewa habari, akaja, akafunga mlango, akamweleza: damu hii ni kitu gani, huja lini, sodo huvaliwa vipi na hufuliwa vipi, sala huachwa lini na huanzwa tena lini, kuoga kwa kujitwahirisha kukoje, na tangu leo ajichunge namna gani. Mama mzazi aliona haya kuyatamka mambo hayo mbele ya mwanawe, na desturi ikamstahi, ikamtafutia wa kuyatamka kwa niaba yake. Wazee wetu walijua kuwa haya ni katika imani. Walijua vile vile kuwa mtoto hawezi kukaa bila ya kuambiwa. Kwa hivyo wakatengeneza njia ambayo haya ilibaki na elimu ikapita.

Wala si masomo na makungwi peke yao. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa na akiona siku zake zinakaribia mwisho. Akamtungia bintiye utendi ambao hadi leo watu wanausoma. Ndani yake mna dini na adabu, mna usafi wa mwili na wa nyumba, na namna ya kuishi na mume na watu. Msomaji wa leo huenda asikubaliane na kila alilousia Bibi yule. Lakini atakubali jambo moja: mama hakutaka kufa na maneno yake kifuani.

Sisemi kwamba mafunzo ya zamani yalitimia. Mengi yalihusu kumpendeza mume, na machache yalimhusu msichana mwenyewe. Ni wangapi waliofunzwa la kusema jamaa au jirani akiwatia mkono pasipostahili? Na katika mtaa wetu mvulana hakuwa na somo kabisa. Alitahiriwa, akapona, akapewa kanzu mpya, akaachiwa baraza na ufuo wa bahari, kama nilivyoachiwa mimi.

Pole pole somo naye akaondoka. Jamaa zilizokuwa zikiishi ukuta kwa ukuta Kibokoni na Kuze zimetawanyika Bamburi, Kisauni, Likoni na ng'ambo. Msichana yuko bwenini miezi mitatu mitatu. Somo aliyesalia ni wa harusi; huja wiki ya ndoa na singo lake na udi wake. Lakini msichana wa leo huvunja ungo ana miaka 12 au 13, na huenda akaolewa ana miaka 25. Miaka hiyo zaidi ya kumi katikati, nani anaishughulikia?

SOMO LA SHULENI

Serikali ilijaribu kujibu. Mwaka 2008 Stadi za Maisha ziliingizwa katika ratiba za shule, kipindi kimoja kwa wiki, ili mwanafunzi ajifunze kujitambua, kuishi na wenzake, kukataa asilolitaka, na kujikinga na maradhi na ulevi. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 nao umeyachukua mambo hayo na kuyatia ndani ya masomo mengine. Katika karatasi, hakuna mtoto wa Kenya aliyesahauliwa.

Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari wakati huo, na najua yaliyokuwa yakitendeka baada ya mlango wa darasa kufungwa. Kipindi kile hakikuwa na mtihani, na kisichotahiniwa katika shule zetu hakina mwenyewe. Nakiri mbele yenu: kipindi kile nilikiiba. Kila wiki nilikigeuza kikawa cha insha na sarufi, ili vijana wangu wapite vizuri, na kwa kufanya hivyo nikahesabiwa mwalimu hodari.

Siku moja mvulana wa kidato cha pili, mtoto mwenye akili na adabu, alinifuata nje baada ya kengele kulia. "Maalim," akaniuliza, "mtu akionja unga mara moja tu, aweza kuacha?" Nilikuwa nimebeba madaftari arubaini ya kusahihisha. Nikamjibu, "Wewe shughulika na masomo yako, unga wakuhusu nini?" Akasema, "Samahani, Maalim," akaenda zake. Sikumuuliza kwa nini ameniuliza.

Baada ya miaka mitatu hivi nilimwona karibu na soko. Alikuwa ameinama hata paji la uso likikaribia magoti, haanguki wala hasimami, kama wafanyavyo mateja. Hakunitambua. Mimi nilimtambua.

Sidai kwamba jibu langu ndilo lililomtia katika unga. Sijui yaliyomfika nyumbani wala mtaani. Ninalolijua ni kwamba alikuja kuuliza kwa mtu mzima, mwalimu wake, Mwislamu mwenzake, naye akarudi mikono mitupu. Kipindi cha kumjibu kilikuwamo katika ratiba, kimeandikwa, na mimi nilikuwa nimekitumia kueleza ngeli.

Mwaka huo huo msichana mmoja aliinuka darasani sketi yake ikiwa imeingia doa. Wavulana wakacheka. Alijifunga sweta kiunoni akatoka, na hakurudi siku nne. Mwezi uliofuata akakosa tena. Watu husema wavulana wale walikosa adabu. Mimi naongeza kuwa walikosa elimu. Hakuna aliyewaambia kwamba damu ile ndiyo ilivyoumbwa miili ya mama zao na dada zao, na kwamba kama isingalikuwako wao wenyewe wasingalizaliwa.

HOFU ZETU

Sipuuzi hofu za wazazi. Katika miaka ya 1990 viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu walikusanyika Uhuru Park, Nairobi, wakavitia moto vijitabu vya mafunzo hayo na mipira ya kinga. Mwezi wa Desemba 2013 mawaziri wa elimu na afya wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Kenya ikiwamo, walitia sahihi huko Cape Town ahadi ya kuwapa vijana elimu kamili ya mambo ya jinsia, na hofu ikarudi upya. Mzazi Mwislamu akauliza: ni maadili ya nani yatakayofunzwa? Je, mwanangu ataambiwa kwamba zinaa ni hiari yake, mradi ajikinge?

Swali hilo ni la haki, na mzazi ana haki ya kukiomba kitabu akisome kabla ya mwanawe. Ataona baadhi ya mambo hakubaliani nayo, na aseme. Lakini moto wa Uhuru Park haukuandika kitabu kingine badala ya vile vilivyoungua. UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwaka 1984, ulitangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, na watoto walikuwa wangali wakiuliza maswali yale yale. Kukataa jibu la mwenzio ni rahisi. Kutoa lako ndiyo kazi.

Na jibu letu liko. Katika Suratul Baqara, aya ya 222, watu walimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) habari ya hedhi, na jibu likateremshwa kutoka mbinguni, na hedhi imetajwa kwa jina lake. Katika Suratun Nur, aya za 58 na 59, watoto wamewekewa nyakati tatu za kutaka idhini kabla ya kuingia walipo wakubwa, na imeelezwa hukumu inavyogeuka wanapobaleghe. Bibi Ummu Suleim (R.A.) alimwendea Mtume, akatanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki, kisha akauliza kama mwanamke naye hulazimika kuoga akiota. Mtume hakumkaripia, alimjibu swali lake. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Basi ikiwa Mtume aliulizwa akajibu, sisi walimu na wazazi tumepata wapi ruhusa ya kumwambia mtoto "wakuhusu nini"?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuwabembeleza Waislamu wa pwani. Aliwaambia mambo machungu juu ya elimu yao na mila zao, na aliyaandika kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu, kwa kuwa alitaka yaeleweke na kila mtu. Huo ndio mwendo ninaoutaka. Tuliyoyahifadhi kwa Kiarabu, tuyaeleze kwa Kiswahili.

ULIMWENGU UNAFUNDISHA

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo haungoji mtoto atoke nje. Umo ndani ya simu yake, chini ya mto wake, saa saba za usiku. Humo atayaona ya watu wazima kabla hajajua jina la kiungo kimoja cha mwili wake kwa lugha ya heshima. Humo ataambiwa unga huondoa huzuni na muguka huongeza nguvu za kusoma.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19, 15 walikwisha kushika mimba. Wengine kati yao ni wake za watu. Wengine walikuwa wanafunzi, waliodanganywa kwa maneno matamu au kwa nauli ya bodaboda, na wako walioshikwa kwa nguvu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 imesema wazi kuwa mtoto aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa katika jambo hilo, na mtu mzima aliyemwendea ni mkosa. Ni wasichana wangapi wanaoijua sheria hiyo? Ni wavulana wangapi wanaojua kwamba nao yawahusu, wakiguswa na wakigusa?

Ama ulevi, pwani yote yaujua. Mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa iliipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha mahakama ikazisimamisha amri hizo. Unga nao umewala vijana kutoka Lamu hadi Likoni. Tangu mwaka 2015 hospitali ya Malindi imekuwa ikiwapa mateja dawa ya methadoni, na Mombasa nayo ikafuata. Nashukuru kwa dawa hiyo, maana imewarudisha wengi kwa jamaa zao. Lakini dawa huja baada ya ugonjwa. Amri nayo hutolewa leo ikaondolewa kesho. Mtoto aliyeelezwa mapema unga unavyoufunga mwili, hata mtu akaamka asubuhi anautafuta ili aondoe maumivu tu, ana kinga ambayo mahakama haiwezi kuisimamisha.

LA KUFANYA

Mimi si waziri, na ninayoyapendekeza hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza ni chuo na madrasa. Mwalimu akifika mlango wa kubaleghe katika Safina, asiupite mbio. Awatenge wavulana na wasichana, wasichana wapewe mwalimu mwanamke, na kila neno lielezwe maana yake kwa Kiswahili safi. Mtoto aambiwe kwamba litakapomfika asiogope, ajue la kufanya, na ajue wa kumwendea. Kipindi kimoja chatosha kuanza.

Pili ni shule. Kipindi cha maisha kiheshimiwe kama kipindi cha hesabu. Mwalimu asiyeweza kuyasema mambo haya amwite muuguzi wa zahanati iliyo karibu au ustadhi anayeaminiwa, au wote wawili wakae pamoja, maana mmoja anajua mwili na mwingine anajua mpaka. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe sodo bure. Wazazi katika mikutano ya shule waulize zimefika ngapi na zimegawanywa vipi, bila ya kuinamisha nyuso. Tena wavulana wasitolewe nje wasichana wanapofunzwa habari za hedhi kwa jumla. Yaliyo ya siri yana mahali pake. Heshima ni funzo la wote.

Tatu ni nyumba. Hapa nawaelekea zaidi akina baba, kwa kuwa akina mama angalau hunong'ona. Baba wa pwani humfunza mwanawe biashara, humfunza kupiga kasia na kusimama nyuma ya imamu, kisha kwa jambo hili moja humwachia mtaa. Mwana akikua vibaya, baba ndiye wa kwanza kulalamika.

Na nne, tumrudishe somo. Asingojwe wiki ya harusi. Aje msichana akiwa na miaka 10 au 11, kabla ya siku yenyewe, aje na hekima ya bibi zetu na maarifa ya muuguzi pamoja. Yale ya zamani yenye faida ayashike. Makatazo yasiyokuwamo katika dini wala katika udaktari ayaache. Na aliongeze lile ambalo bibi zetu hawakulisema vya kutosha: mwili huu ni amana, una mwenyewe, na anayeugusa bila ya haki atajwe kwa jina hata akiwa jamaa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mwenye kuficha dhuluma ndani ya nyumba huilea ikakua.

Mwezi wa Ramadhani uliopita mjukuu wangu wa miaka kumi alikuwa akidurusu barazani kwangu baada ya alasiri. Nikamsikia akizisoma alama tatu, kwa sauti ile ile na kwa kuyumba kule kule. Nikamwambia, "Simama hapo. Wajua maana yake?" Akanitazama, akainamisha kichwa, akasema, "La, Babu. Maalim hakutuambia."

Nikamkalisha karibu yangu. Nakiri ulimi ulikuwa mzito, na maneno mawili matatu ya mwanzo yalinitoa jasho. Lakini nilimweleza, na alipouliza nilimjibu, na swali moja ambalo sikuwa na jibu lake tulikwenda tukamuuliza daktari baada ya Idi. Mazungumzo yale hayakufika nusu saa. Adhana ya magharibi ilitukuta tumekwisha, tunangoja tende.

Nusu saa ile nilikuwa nayo pia siku ya yule mvulana wa madaftari arubaini. Nawe, msomaji, huenda unayo leo jioni.